Safari ya Lindi Kukiwa Hakuna Msiba

  

Mwezi wa sita unakaribia. Shule zitafungwa, watoto watakaa nyumbani karibu mwezi mzima, na najua wazazi wengi mmeshaanza kuulizana bei za twisheni. Kabla hamjalipa, naomba tuzungumze kidogo. Nina swali.

Mwanao alifika lini mara ya mwisho mahali ulipokulia wewe? Usijibu haraka, kumbuka vizuri. Na ukishakumbuka, jiulize na la pili: alikwenda kufanya nini?

Sisi tuliotoka kusini, Lindi, Kilwa, Mtwara, Masasi, jibu letu mara nyingi ni moja. Alikwenda msibani. Simu imelia usiku, ndugu wamechangishana, limekodiwa basi dogo, watu wamebanana humo, mtoto amelala mapajani njia nzima. Alfajiri anaamshwa, anakuta turubai limetandazwa na masufuria makubwa yako motoni. Anaambiwa, "Msalimie bibi yako yule pale." Yupi? Mbele yake wamekaa akina mama wengi mkekani, wote wamejifunika khanga, wote wamevimba macho. Anasalimia asiyemjua. Siku ya tatu kinasomwa kisomo, jioni mnapanda gari, usiku tena, na mtoto analala tena. Huyo mtoto ukimuuliza Lindi ikoje, atakwambia nini? Atakwambia Lindi ni mahali watu wanapolia.

Baba wa watoto wangu ni mtu wa Kilimanjaro. Wenzetu Wachaga, kila Desemba wanapanda kwao. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeita kikao, wanakwenda tu. Matokeo yake watoto wetu wanaijua njia ya Moshi vizuri sana: watakutajia Chalinze, Segera, Mombo, Same. Wanajua mgomba upi una ndizi za kuchoma na shangazi yupi ana maneno mengi. Wanawajua watu wa kule wakiwa wazima, wakiwa wanacheka, wakiwa wanagombana kwa ajili ya mbuzi. Nami nikasema, basi likizo ya Juni ni ya kwetu. Tukakubaliana na baba yao: Juni tunakwenda Lindi, kwa barabara, mchana.

Narudia hapo, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Mpeleke mtoto ulikokulia wakati hakuna msiba. Mpeleke kwa barabara. Na mpeleke mchana.

Kwa nini mchana? Kwa sababu njia yenyewe ni darasa. Wapo wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani moja kwa moja, bila kuwapeleka shule; hapa kwetu ni wachache, kwa jirani zetu Kenya wameanza kuzoeleka. Wao wanalijua jambo hili siku nyingi. Sisi wengine tulilionja mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona na watoto wa msingi wakarudi darasani mwishoni mwa Juni. Mnakumbuka? Kila sebule ilikuwa shule. Na wengi tuliona kwamba mtoto akikaa na mzazi wake anauliza maswali ambayo darasani hapati nafasi ya kuyauliza. Sasa maswali hayo ndiyo mafuta ya safari hii.

Haya, tuanze njiani.

Mnatoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, mnapita Mbagala, Kongowe, Vikindu, Mkuranga. Mikorosho inaanza mapema. Juni hadi Julai ndipo mikorosho inapoanza kutoa machipukizi na maua, na wakulima wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga. Mtoto atasikia harufu. Mwambie: ile korosho unayonunuliwa kwenye kipakiti cha shilingi elfu, kazi yake inaanzia hapa, miezi kadhaa kabla haijaanguka chini. Kibiti mnashuka, mnanyoosha miguu, mnanunua machungwa. Ikwiriri mtaona mikeka ya ukindu. Halafu mnafika Rufiji.

Wasikilizaji, hapo Rufiji msipite kama mnafukuzwa. Hapo nina mengi.

Watoto wa leo wanavuka mto ule kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Urefu wake ni mita 970, karibu kilomita nzima. Mpe mtoto saa ya simu, mwambie ahesabu sekunde toka gurudumu linapogusa daraja hadi linapoliacha. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa atapata kama sekunde 70. Acha afanye mwenyewe hesabu ya mwendo na muda, ile iliyomshinda darasani. Mkishavuka, tafuteni mahali salama pembeni, zimeni gari, ndipo umsimulie mama yake alivyovuka.

Zamani palikuwa na pantoni pale Ndundu. Mto ukifurika, pantoni haivuki. Pantoni ikiharibika, haivuki. Magari yanapanga foleni, mabasi na malori ya korosho, abiria wanalala chini ya malori na juu ya magunia. Mama mmoja anakuchotea uji, mwingine anakufunika khanga yake, na hamjuani. Masika yakikolea, njia inafungwa kabisa. Ukiwa na ndugu mgonjwa Muhimbili na wewe uko Lindi, unasubiri meli au unasubiri kiangazi. Watu wa kusini tuliishi hivyo, miaka na miaka baada ya uhuru, na hata daraja lilipokwisha kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kiliendelea kuwa tope kwa muda mrefu kabla ya lami kufika.

Mtoto akisikia hayo akiwa amesimama pale pale, anauona mto, anauona ukubwa wake, anaanza kumwelewa bibi yake. Anaelewa kwa nini bibi akiaga anaaga kwa muda mrefu. Ataelewa pia kwa nini watu walishangilia sana daraja lile, na kwa nini limepewa jina la Benjamin Mkapa, ambaye naye alikuwa mtoto wa kusini, wa Lupaso kule Masasi. Na mkumbushe Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, maji yakakata barabara maeneo ya Somanga, na kusini ikatengana tena na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Barabara si kitu cha kuzoea. Ni kitu cha kutunza na kudai.

Maji yale ya Rufiji, kabla hayajapita chini ya daraja, yamepita kwenye Bwawa la Julius Nyerere huko juu. Na mkifika Somanga, upande wa kushoto, baharini, kuna kisiwa cha Songo Songo. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, na toka 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Muulize mtoto: ile taa unayosomea nyumbani Tabata, unajua inawashwa na nini? Basi sehemu ya jibu iko hapa, chini ya bahari ya nyumbani kwa mama yako. Mtoto aliyezoea kusikia kwamba kusini ni nyuma, kusini ni mbali, atanyamaza kidogo na kufikiri.

Nirudi nyuma kidogo: kabla ya Somanga, ng'ambo ya mto, kuna Muhoro. Ni mji mdogo, wengi wanaupita bila habari. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya dawa, tarehe 4 Agosti 1905. Mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji kabisa. Na vile vilima mnavyoviona mbali upande wa kulia mkielekea Kilwa ni Umatumbi. Huko Nandete, Julai ya mwaka huo huo, watu waling'oa pamba ya serikali ya Kijerumani. Walichoshwa na kulima kwa viboko shamba ambalo mavuno yake hayawafikii, wakati mashamba yao ya chakula yanaota nyasi.

Mtoto wangu mkubwa ameisoma Maji Maji shuleni. Anaweza kukutajia sababu tano na matokeo matano, kwa mpangilio. Lakini swali lililomtoka garini, daftari hana, mwalimu hayupo, lilikuwa jingine kabisa: "Mama, kwa nini waliamini maji yatazuia risasi?" Hilo ndilo swali. Nikamwambia ninavyoamini mimi. Kwamba Mmatumbi, Mngindo na Mngoni hawakuwa na chifu mmoja wala lugha moja. Yale maji ya Ngarambe yaliwafanya wale kiapo kimoja, wasimame upande mmoja, kwa mara ya kwanza. Risasi hazikugeuka maji, na waliokufa walikuwa wengi mno. Na njaa iliyofuata, baada ya Wajerumani kuchoma maghala na mashamba, iliua zaidi ya bunduki. Lakini Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake, Kinjeketile, mwaka 1969, alikuwa akilizungumzia jambo hilo hilo la watu kuwa kitu kimoja. Kama kitabu hicho kipo nyumbani, kipakieni. Wakubwa wakisome kwa sauti jioni.

Sasa tufike Nangurukuru, njia panda ya Kilwa. Hapa, msikilizaji, nataka nikuonye kwa upendo. Usimbebeshe mtoto historia yote kwa siku moja. Nimeona wazazi wanaogeuza safari kuwa mtihani, kila kibao wanasimama wanauliza swali, mpaka mtoto anatamani arudi twisheni. Chagueni mahali pamoja pa kukaa vizuri. Pengine pote simulieni mkipita.

Kwangu mimi pa kukaa ni Kilwa Kisiwani. Mnafika Kilwa Masoko, mnalipa kiingilio kwenye ofisi, mnapewa mwongozaji, mnapanda mashua. Mkondo si mpana. Mnashuka mnakutana na ngome, ile tunayoiita Gereza, halafu mnatembea hadi Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani kabisa ni ya karne ya 11. Hicho ni kizazi juu ya kizazi juu ya kizazi. Nguzo za mawe ya matumbawe, kuba juu, jua linaingia kwa mistari. Waache watoto waguse ukuta, kama mwongozaji amewaruhusu. Waambie kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331 na akausifu mji huu. Dhahabu iliyotoka bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikashukia Sofala, ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa. Mji ulitengeneza sarafu zake wenyewe za shaba. Na sarafu hizo, sikilizeni vizuri, sarafu chache za Kilwa ziliokotwa na askari mmoja mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Wataalamu bado wanabishana. Mwachie mtoto fumbo hilo, alale nalo.

Mbele kidogo kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14, lenye birika la pembe nane linalotazama bahari. Kila mtoto anayefika pale huuliza: "Kama palikuwa pakubwa hivi, watu walikwenda wapi?" Hapo usiwe na haraka. Mwambie Wareno walikuja na mizinga mwaka 1505, biashara ya dhahabu ikavurugika, baadaye wapiganaji Wazimba wakaja kuuvamia mji mwaka 1587. Halafu mwonyeshe nyumba za wanakijiji walioko pale kisiwani leo, akina mama wanaotwanga, watoto wanaotoka shule. Watu hawakwenda kokote. Wapo.

Kilwa Kivinje ni habari nyingine, na ni nzito. Wazazi wengine wataniuliza, je, ni sawa kumwambia mtoto wa miaka minane habari za utumwa? Maana Kivinje, karne ya 19, ndiko misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikoishia. Watu waliofungwa minyororo, waliotembea kutoka bara, walipakiwa hapo kwenda Unguja, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Mimi nasema mwambie. Mwambie kwa maneno mafupi, bila kumtisha na bila kumficha. Na mwambie yote: kwamba wapo waliouza na wapo waliouzwa, na kwamba kusini hii tunaishi wajukuu wa wote wawili, kijiji kimoja, msikiti mmoja. Familia nyingi haziongei jambo hilo mezani. Kuna wazee wanaojua asili ya nani ni ipi na wanaikalia kimya, na kimya chao kina heshima yake. Lakini mtoto akikua bila kuambiwa lolote, siku moja ataambiwa na mtu mwenye nia mbaya. Pale pale Kivinje alinyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, aliyewapinga Wajerumani, na wenyeji wanalijua eneo lile kwa jina la Mwembe Kinyonga.

Mkiendelea kusini mnavuka Mbwemkuru, mnapita Mchinga. Upande wa bara hapo, mbali na barabara, kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Gari dogo halifiki kirahisi, kwa hiyo tunasimulia tu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya dinosaria walioishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Walichimbua? Waliosimamia uchimbaji walikuwa Wajerumani. Waliochimba walikuwa babu zetu, mamia yao, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Na waliobeba walikuwa babu zetu. Mifupa zaidi ya tani 200 ilisafiri kichwani na mabegani, kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama wale leo amesimama kwenye jumba la makumbusho mjini Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watoto wa Ujerumani wanapelekwa na walimu wao kumwona. Watoto wetu watauliza, kwa nini yuko kule? Suala hilo limejadiliwa hadi bungeni kwetu, na bado linazungumzwa. Mwambie mtoto hivyo: halijaisha, na pengine kizazi chake ndicho kitakachoamua.

Basi, sasa tumefika Lindi. Ghuba ile, maji yametulia, upande wa pili Kitunda. Nimesema mengi ya njiani, na huenda msikilizaji unadhani historia ndiyo niliyoitaka. Hapana. Nilitaka watu.

Sisi Wamwera, kama Wamakonde na Wayao, ukoo tunaufuata kwa mama. Mtoto ni wa upande wa mama yake, na mkubwa wake ni mjomba. Watoto wangu mjini wana jina la baba yao, la Kichaga, na kila karatasi ya shule inalitaja hilo. Lindi wanafika kwa kaka yangu, naye anawatazama kama mtu aliyekuwa akisubiri mali yake. Anawauliza habari za masomo kwa ukali kuliko mwalimu mkuu. Anawaonyesha mikorosho, huu ni wa bibi yenu fulani, huu ulipandwa mwaka aliozaliwa mama yenu. Mtoto wa kiume akamuuliza, "Mjomba, kwa hiyo mimi ni Mmwera au Mchaga?" Mjomba akamjibu, "Huku ni Mmwera. Kule waulize wenyewe." Na mtoto akaridhika. Mtu anaweza kuwa na nyumba mbili.

Tahadhari moja kwa wenye watoto wa mjini: waelezeni utani kabla hamjafika. Babu atamkumbatia mjukuu wa kike na kusema, "Mke wangu amekuja! Mbona umekonda, huko Dar hawapiki?" Bibi atamwita mjukuu wa kiume mume wake mvivu asiyeleta kuni. Mtoto asiyeandaliwa anaweza kulia. Aliyeandaliwa anajibu, na akijibu vizuri, kijiji kizima kinacheka na kinamjua kuanzia hapo. Na akitokea Mngindo akaingia uani akachukua sufuria bila kuomba, asishangae, huyo ni mtani, ana haki zake.

Na kuna mahali pamoja ambapo nawaomba msikose, kama wazee bado wana nguvu za kutembea. Mahame. Ninyi wa kusini mnaelewa. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, wazee wetu walihamishwa kutoka walikokuwa wakiishi kwa kutawanyika, wakapelekwa kwenye vijiji vya pamoja kando ya barabara. Nyumba zilibaki zikaanguka. Kilichobaki ni miembe, minazi michache, mawe ya mafiga, na makaburi. Bibi yangu alikuwa akikupeleka hapo porini, wewe unaona pori tu, yeye anaona kijiji. Hapa palikuwa jiko. Hapa alizaliwa mama yako. Mwembe huu tulikuwa tunaamulia kesi chini yake. Leo anayeweza kuonyesha hayo ni mjomba, na baada ya mjomba sijui ni nani. Watoto walikwenda na madaftari yao. Sikuwaambia waandike. Binti akachora ramani mwenyewe, akaweka alama ya kila kaburi na jina alilotajiwa, akamsomea mjomba, mjomba akamsahihisha majina mawili. Ramani ile haipo kwenye ofisi yoyote ya ardhi.

Kwa hiyo nenda na daftari, nenda na simu yenye nafasi ya kurekodi, lakini omba ruhusa kwanza. Mzee akisema hili usirekodi, zima. Na usijibu wewe maswali ambayo mzee yupo ayajibu. Sisi wazazi tuna tabia ya kutafsiri kila kitu, mtoto akiuliza tu tunarukia. Nyamaza, mwache mzee atafute maneno yake. Akikawia, mwache akawie.

Najua wapo wanaosema, mwenzetu una gari. Safari hii inawezekana kwa basi. Mabasi ya kusini yanaondoka Dar es Salaam alfajiri, na jioni mko Lindi. Kateni tiketi za mchana, mkae dirishani, mtoto aone. Hamtasimama Rufiji mtakavyo, lakini mtauona mto. Wenye magari, msiendeshe usiku, kagueni tairi, na msikimbizane na mabasi. Mtoto anayetapika njiani mpeni chakula chepesi na mkae naye mbele. Nauli ya familia nzima ni kubwa, sikatai. Kwa wengine ni bora mwaka huu aende mmoja na mwakani mwingine, kuliko wasubiri wote mpaka siku ya msiba.

Na wapo ambao kwao hakuendeki. Kuna ugomvi wa mirathi, kuna maneno yaliyosemwa, kuna nyumba ambayo ukiingia moyo unauma. Ndugu msikilizaji, siwezi kukulazimisha. Lakini mtoto wako hana ugomvi na mtu. Tafuta shangazi mmoja au rafiki mmoja wa utotoni mnayeelewana, fikia kwake, mwonyeshe mtoto shule uliyosoma na kisima ulichochota maji, kisha mrudi. Hiyo nayo ni safari kamili.

Kabla muda haujaniishia, nina neno kwa wazee wetu mnaotusikiliza huko Lindi, Kilwa, Ruangwa, Nachingwea. Wajukuu wakija, tunajua mtawachinjia kuku. Ahsanteni. Ila msiwakalishe kwenye kiti wakawa wageni mpaka siku ya kuondoka. Juni ni wakati wa ufuta. Miganda imesimamishwa juani inakauka, inasubiri kukung'utwa juu ya turubai. Waiteni wajukuu asubuhi na mapema, muwape miganda midogo midogo, muwaonyeshe jinsi ya kuigeuza na kuigonga ili mbegu zisiruke nje. Kama ming'oko, ile mizizi ya porini, imepatikana, wachemshieni, waimenye wenyewe. Wakilalamika kwamba mikono inawasha, wacheni walalamike, na kazi iendelee. Jioni wapimieni walichopata, muwape kisado chao wapeleke Dar, na muwaambie mwakani mnawangoja palizi ikianza.

Mimi naishia hapo kwa leo. Wiki ijayo saa hizi hizi tutazungumza na wazazi wa Mtwara kuhusu watoto na kazi za shambani.